Mahali pa Kumrudisha Waithira

Ukifa safarini, urudishwe wapi?

Usikimbilie kujibu. Wengi wetu tuna jibu tulilorithi pamoja na jina la babu, na hatujawahi kulitazama kwa karibu. Waithira wa Kithimani aliulizwa swali hilo alasiri moja ya Agosti, mwaka wa 2003, mwiko ukiwa mkononi, na jibu lake lilikaribia kumnyima likizo ya kwanza maishani mwake.

Kithimani, kama hupajui, ni soko la Yatta kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa. Waithira na mumewe Kahiga walikuwa na mashine ya kusaga mahindi nyuma ya maduka, na ubavuni mwa mashine nyumba ya mabati. Chumba kilichoegemea ukuta wa mashine nilikuwa nimekipanga mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikawa ninafundisha historia katika shule ya wazazi ng'ambo ya barabara. Asubuhi sikuhitaji saa. Kahiga akishazungusha mashine, kikombe changu kilianza kutembea mezani chenyewe.

Ulikuwa mwaka wa matumaini. Tulikuwa tumebadilisha serikali kwa kura, abiria walikuwa wakiwakemea polisi barabarani warudishe hongo, na sisi vijana tuliamini kila kilichopinda kingenyooka kabla ya Krismasi. Mimi nilikuwa na dhuluma yangu moja niliyoipigia kelele mbele ya yeyote aliyesimama kunisikiliza: kwamba Mkenya wa kawaida hasafiri ila kwa sababu ya msiba, mahari au hospitali. Kupumzika tumewaachia watalii na wakubwa, kana kwamba mgongo wa msaga mahindi haukuumbwa kuchoka. Bado naamini hivyo.

Waithira ndiye aliyenifunza hasira hiyo, bila kukusudia. Alikuja Yatta mwaka wa 1971 akiwa bibi harusi. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wa wafungwa walioletwa wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya Mau Mau, kuchimba mfereji wa Yatta, na alipoachiliwa alirudi kwao Kangema, milimani kwa Wakikuyu, na jambo moja tu jema la kusimulia: kwamba kule chini, kwa Wakamba, kuna nchi tambarare ambapo jicho haligongi mlima. Kahiga, mwanawe, akaja kuiona nchi hiyo. Akanunua ploti, akaleta mashine. Waithira akafika pamoja na mashine, katika lori moja, yeye akiwa ameshikilia mkanda wa mashine mapajani usije ukapotea.

Miaka yake mingi ya kwanza aliimaliza kwenye foleni ya maji. Mfereji ule ule uliochimbwa na baba mkwe wake ndio aliochotea, na ukikauka alingoja lori la maji pamoja na wanawake wengine. Kikamba alijifunzia hapo. Mbinya, jirani yake, alipenda kusema kwamba Kikamba cha Waithira kina sauti ya Kangema na Kikuyu chake kimekuwa na sauti ya Kithimani, kwa hiyo maskini mama wa watu hana lugha. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, ulikuwa mzuri kiasi kwamba wanawake wa Kikamba walituma watoto na bakuli.

Jikoni mwake mlining'inia kalenda ya kampuni ya mbegu. Ilikuwa ya mwaka uliopita, lakini hakuitoa, kwa sababu picha yake ilikuwa ya maporomoko ya maji ya Nyahururu. Siku moja nilimuuliza anaona nini pale.

"Maji," akasema. "Angalia vile yanaanguka. Hakuna mtu ameshika mtungi. Hakuna mtu anapigana. Yanaanguka tu."

Binti yake Wagaki, aliyekuwa akishona nguo za kuuzwa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ kule Athi River, aliisikia habari hiyo, akaja mwisho wa wiki moja akamkalia babake kichwani. Alimwambia kwamba amemweka mama ya watu karibu na mashine hadi akaanza kuzungumza kwa kupiga kelele hata kanisani. Kahiga alikuwa mtu wa maneno machache, nyusi zake nyeupe kwa unga tangu asubuhi mpaka jioni. Aliwaza siku kadhaa. Kisha akatangaza, mbele ya foleni ya wanawake wenye madebe, kwamba Agosti angempeleka mkewe Nyahururu, walale hotelini, wakae siku tatu bila kufanya chochote.

"Bila kufanya chochote?" Mbinya akauliza. "Mzee, wewe utakufa siku ya pili."

"Nitajaribu."

"Na Mkikuyu akilipa hoteli kwa hiari yake, hapa Yatta itanyesha. Ngojeni nikapande."

Wagaki alimletea mamake jaketi zito la kuvaa kule kwenye baridi, lililokataliwa kiwandani kwa sababu mfuko mmoja ulishonwa juu kuliko mwenzake. Waithira alilijaribu kila jioni kwa wiki mbili, kwenye joto la Kithimani, jasho likimtoka, akijitazama katika kidirisha cha jikoni.

Basi ikabaki bima.

Hilo lilikuwa wazo la Kahiga. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kukata bima ya safari, hata ya hapa hapa nchini, na hakutaka kusikia habari za kuondoka bila hiyo. Siku mbili kabla ya safari akamwita Ndambuki, kijana wa Matuu aliyeuza bima kwa pikipiki, mwenye tai ndefu na viatu vyenye vumbi. Tulikaa jikoni, Waithira akikoroga chungu.

"Mzee, hii ni ya safari yenu tu," Ndambuki akaeleza. "Gari ikipata ajali, kampuni inalipa hospitali. Mmoja akigonjeka huko, kampuni inatuma gari. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, ni ile mambo ingine, kampuni inarudisha mtu mpaka nyumbani. Hakuna kamati, hakuna harambee."

"Mpaka nyumbani," Kahiga akarudia.

"Mpaka mlangoni."

"Hata mvua ikikata barabara?"

Ndambuki akacheka kidogo, akaona mzee hacheki. "Hata mvua ikikata, mzee. Watazunguka."

Kahiga akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolingoja kwa miaka mingi.

"Wewe Ndambuki," Waithira akasema bila kugeuka, "mimi nimesema nataka kuona maji. Wewe unanionyesha jeneza."

"Mama, si mimi. Ni kampuni."

"Kampuni imekula? Kaa, nitakupakulia."

"Nitakula, mama. Niambieni tu nyumbani ni wapi, niandike."

"Kangema," Kahiga akasema.

"Hapa," Waithira akasema.

Walisema kwa pamoja. Kalamu ya Ndambuki ikabaki hewani. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akanitazama mimi kana kwamba mwalimu wa historia ana ramani ya mambo kama hayo.

"Kadi ya mume na mke ni moja," akasema kwa upole, "na mahali pa kurudishwa ni pamoja. Kompyuta ya Nairobi haikubali mbili."

"Basi mwambie kompyuta ya Nairobi akuje ajionee," Waithira akamjibu, akampakulia.

Ndambuki alikula akamaliza. Alipoaga alisema angepita kesho asubuhi akielekea Thika, na kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, maana keshokutwa walikuwa wanasafiri.

Sasa lazima nikuambie kwa nini neno moja la mahali liliwafunga midomo watu waliokwisha kukaa pamoja miaka zaidi ya thelathini.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Kinyua. Alikufa kwa malaria mwaka wa 1978, mvua kubwa ikinyesha, akiwa hajaanza darasa la pili. Kahiga alitangulia Kangema kuwaarifu ndugu zake na kuchimba kaburi, kwa sababu kwao mtoto huzikwa kwenye shamba la babu yake, na hakuna aliyefikiria vinginevyo. Waithira angefuata na mwili kwa gari la kukodi. Lakini mto ulifurika usiku ule, daraja la barabara ya Thika likafunikwa, na magari yakasimama kila upande. Simu haikuwepo. Hospitali yenye mahali pa kuhifadhi mwili ilikuwa ng'ambo ya maji. Mvua ilipozidi kunyesha, mama mmoja wa Kikamba aitwaye Nthambi, aliyekuwa mama mkwe wa Mbinya, aliingia nyumbani mwa Waithira, akaketi chini karibu naye, akamwambia kwamba mtoto hawezi kungoja mvua. Wana wa Nthambi wakachimba nyuma ya mashine. Nthambi mwenyewe akambeba Kinyua, akimfunika na kanga yake asilowe.

Maji yalipopungua Kahiga alirudi, akakuta yamekwisha. Hakumlaumu mtu. Lakini kule Kangema kaburi lilikuwa limechimbwa, na kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, maana litadai mtu mwingine. Ndugu zake walikata mgomba, wakauzika mahali pa mtoto, wakafukia.

Tangu hapo Kahiga hakupita nyuma ya mashine. Mabomba yakiharibika upande ule alimtuma fundi. Waithira alipanda mlimau pale, akaunywesha maji aliyosuuzia vyombo, kiangazi baada ya kiangazi. Huko Kangema Kahiga alijenga nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo, iliyofunguliwa kila Krismasi na kufungwa kabla ya mwaka mpya. Hapa Kithimani walizeeka ndani ya mabati. Utaona jambo hilo katika nchi yetu yote: watu wanalala maisha yao yote katika nyumba ya muda, na ile ya kudumu inalala peke yake.

Jioni ile tulikula pamoja. Kahiga ndiye aliyeanza.

"Mama Kinyua, sisi tuko na shamba kule."

"Wewe uko na shamba."

"Niko na nyumba ya mawe."

"Iko na mawe, ndiyo. Mimi nikifika Krismasi nalala na jaketi, na hilo jaketi jipya hata sikuwa nalo."

Nikadakia. Sikuweza kujizuia. Nikasema nchi ni moja, kwamba mtu ni wa mahali alipotoa jasho, kwamba mipaka hii ya kabila tulichorewa na Mwingereza na sasa tunailinda kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeinua kijiko.

"Mwalimu, kula," Waithira akaniambia.

Lakini Kahiga alinijibu, na hakunijibu kwa ukali. "Nimesikia, Mwalimu. Hapa hakuna mtu amewahi kuniambia neno mbaya. Hata moja. Lakini mwaka wa tisini na mbili tulikuwa tunasikia redio, mimi na huyu mama, vile watu wanachomewa nyumba kule Bonde la Ufa wakiambiwa waende kwao. Wengine hawakuwa na kwao. Walilala kanisani. Mimi nikasema, hata kama ni siku moja, mtu akiniambia niende kwetu, lazima niwe na kwetu."

Kijiko nikakirudisha sahanini. Nilijua aliyestahili hasira yangu hakuwa mzee huyu.

"Baba Kinyua," Waithira akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo mashine haikuwahi kutuachia tuisikie. "Mimi sikatai kwenu. Wewe uko na kwenu. Mimi niko na mtoto. Nimemwacha peke yake siku zile za Krismasi tu, na hata hizo Mbinya hunisaidia kumwekea maji. Nikipelekwa Kangema nilale kando ya mgomba, yeye atamwuliza nani mama yake yuko wapi?"

Kahiga alitazama mikono yake.

"Ukitaka kuandika Kangema, andika jina lako," akaendelea. "Langu usiweke."

"Kadi ni moja."

"Basi usikate."

"Bila bima sisafiri. Nilishindwa kurudisha mmoja. Sitatoka hapa na wewe bila kujua nitakurudisha namna gani."

"Basi hatuendi," Waithira akasema.

Hakuwa amekasirika. Aliinuka, akasimama mbele ya kalenda, akaitoa kwenye msumari, akailaza juu ya gunia la unga, picha ikiangalia chini. Halafu akakusanya sahani. Jaketi lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, mfuko mmoja juu, mwingine chini, na sijawahi kuona nguo iliyonisikitisha kama ile.

Nilitoka nje kupunga hewa. Kahiga akanifuata, akasimama kando yangu uwanjani, penye vumbi la unga lililofanya ardhi ionekane kama imepigwa chokaa. Tulisikiza redio ya mtu sokoni. Nilidhani angezungumza juu ya shule, kama kawaida yake.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Mgomba ukizikwa, unachukua muda gani kuoza?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Mgomba ni maji matupu, mzee. Mvua mbili, ukikawia sana tatu."

"Halafu?"

"Halafu ni udongo tu."

Redio ile ilimaliza taarifa na kuanza nyimbo.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema, "hakuna kitu huko."

Hilo halikuwa langu kulijibu. Aliniaga, akaingia ndani akiinama mlangoni, mlango ambao siku zote alisema atauinua siku atakayojenga nyumba ya maana.

Asubuhi iliyofuata kikombe changu hakikutembea. Niliamshwa na kimya. Nilipotoka, nilikuta foleni ya wanawake mbele ya mashine, madebe ya mahindi yamewekwa chini, na mlango wa mashine umefungwa.

"Mwalimu," Mbinya akaniita, "mzee ameshaenda Nyahururu kimoyomoyo? Sisi tutasaga kwa meno?"

Nikamwambia ningeangalia. Nyumbani hapakuwa na mtu isipokuwa moshi wa jikoni. Nikasikia jembe likigonga kokoto. Sauti ilitoka nyuma ya mashine.

Kahiga alikuwa chini ya mlimau. Alikuwa amepalilia kila kitu: kaburi dogo la mawe, ukingo wake, njia ya kulifikia kutoka jikoni. Majani ya mlimau yalikuwa meupe kwa vumbi la miaka mingi ya kusaga, na vumbi hilo lilikuwa limemwangukia mabegani. Mkononi alikuwa na kipande cha kamba. Alikuwa amechimbia vijiti ardhini kando ya kaburi, akavifunga kamba, mstari mmoja na mwingine, kama fundi anayetaka kuweka msingi. Mistari ile ilitosha kulaza watu wawili, si zaidi.

Waithira alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika la chai, amelisahau mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Mimi nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikashindwa kuendelea mbele wala kurudi.

"Mama Kinyua," Kahiga akamwita, bado ameinama. "Kuja uniambie unataka upande gani."

Waithira akakitoa kifuniko cha birika bila sababu.

"Na yule kijana wa bima akipita, wewe ndio utamwambia ni hapa. Mimi sitamwambia. Atafikiri nimeshindwa na bibi."

"Umeshindwa," Waithira akasema.

"Nimeshindwa. Lakini Ndambuki asijue."

Akaja, akikanyaga polepole kwenye njia mpya. Alitazama vijiti, akatazama kamba. Alifuta uso kwa mkono ulioshika kifuniko cha birika.

"Kwanza nipeleke nione maji," akamwambia. "Tukirudi nitakuonyesha upande."

Kahiga akacheka. Ni kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia tangu nipange pale, kifupi, kilichokwaruza kama mkanda mkavu. Akaegemeza jembe kwenye mlimau, akapita karibu nami bila kujifanya hakuniona, akaenda kufungua mashine, na foleni ikampokea kwa maneno.

Waithira alibaki. Alingoja mpaka mashine iliponguruma. Kisha akainua gauni kidogo, akavuka kamba, akasimama ndani, kwenye ule upande uliokuwa karibu na mtoto. Akaukanyagakanyaga udongo kwa mguu mmoja, hapa na pale, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Aliporidhika akatoka, akamimina chai iliyokuwa imepoa penye shina la mlimau, akarudi jikoni kumchemshia Ndambuki nyingine.